Pane ya Umeme kwenye Pikipiki Yetu, na Namna ya Kuitafuta



Kila siku watu wanatuuliza kwenye kiwanja: «Ile balo mpya iko wapi? Franga tulitoa tangu mwanzo wa mwaka!» Jibu ni fupi, na si la kujivunia. Balo iko ndani ya pikipiki. Zile franga komite yetu iliomba ruhusa kwa Bwana Prefe kuzitumia, tukanunua bateri mpya ya pikipiki ya shule. Na ile bateri pikipiki haikuwa na lazima nayo hata kidogo. Pane ilikuwa ni waya mmoja tu, uliokwaruzwa fasi ndogo sawa ukucha wa kidole.

Kwa hiyo tumeona vizuri kuandika habari hii yote, ili mtu mwingine asipoteze franga na nguvu kama sisi. Tena wengi wetu nyumbani tuko na pikipiki ya baba au ya kaka, na fundi iko mbali.

Mambo yaliyotokea

Mnakumbuka ule usiku wa mvua ambapo mtoto mmoja wa interna alishikwa na malaria kali. Surveya alitoa pikipiki ili ampeleke kwenye kituo cha afya. Mmoja wetu alipanda nyuma, mgonjwa katikati. Kabla ya kutoka tuliona kwamba klaksoni haililii, klinyota haziwaki, taa ya freni haiwaki, na ile taa ndogo ya kijani inayoonyesha kwamba hakuna vitesi nayo imezimika. Lakini motere ilikuwa inazunguka vizuri na fare ilikuwa inawaka.

Tukafungua kifuniko cha pembeni, tukakuta fizible imekatika. Hatukuwa na nyingine. Mtu mmoja akasema: «Aah, weka tu karatasi ya sigara, itatembea!» Tukaikunja ile karatasi ya kung'aa, tukaiweka pahali pa fizible. (Msiulize karatasi ya sigara ilitoka wapi katika interna yetu.) Kweli ikatembea. Klaksoni ikalia, wote tukafurahi.

Tulipofika kwenye ile kona ya kushoto ya mteremko, tukasikia harufu ya mpira unaoungua. Kiisha moshi ukatoka chini ya tanki ya esanse. Surveya akakata kontakti na kurukia bateri kutoa waya wake. Mungu alitulinda, moto haukuwaka. Lakini nyaya tano zilikuwa zimeyeyuka pamoja, na ile ya fare ndani yake. Mgonjwa tulimbeba mgongoni katika giza na mvua mpaka kituo cha afya. Alipata dawa, akapona, leo yuko darasani. Lakini tulichelewa saa nzima, na malaria haingojei.

Sasa fikirini. Motere ilikuwa nzima, fare ilikuwa nzima. Kama tungeacha ile fizible ilivyokuwa, tungeenda polepole bila klaksoni na tungefika. Njo karatasi ya sigara iliyotuangusha, si fizible.

Umeme unapita wapi?

Mwalimu wa fizike alitufundisha kwamba umeme unataka njia ya kwenda na njia ya kurudi. Kwenye pikipiki ni vile vile, lakini njia ya kurudi haionekani kwa urahisi, sababu ni chuma chenyewe cha pikipiki: shasi na motere. Hiyo tunaiita masi. Plusi ya bateri inapita katika fizible, inafika kwenye kontakti ya ufunguo, inagawanyika kwenda kwa klaksoni, kwa klinyota na kwa taa ya freni. Kiisha inarudi kwa minusi kupitia masi.

Pikipiki nyingi ndogo za zamani ziko na chemchemi mbili za umeme. Ya kwanza ni manyeto, ambayo inazungushwa na motere. Ya pili ni bateri, ambayo manyeto inaijaza. Kwenye pikipiki yetu, buji inapata umeme wake kwa bobini iliyo ndani ya manyeto, na fare vilevile inakula kwa manyeto moja kwa moja. Njo maana fare inapungua mwanga motere ikizunguka polepole, na inaongezeka ukivuta gazi. Hiyo si pane. Klaksoni, klinyota na taa ya freni zinakula kwa bateri.

Mkiisha kujua hilo, mmejua nusu ya dawa. Kama taa moja peke yake imekufa, tafuteni kwa taa ile: ampuli, waya wake, masi yake. Kama vitu vyote vya bateri vimekufa mara moja, musifungue ampuli hata moja! Ampuli nne haziungui zote katika dakika moja. Tafuteni ile njia ambayo vyote vinatumia pamoja: bateri, fizible, kontakti.

Na fizible ni nini? Ni mlinzi. Ampuli mbili za klinyota, wati 10 kila moja, zinafanya wati 20. Tugawanye kwa volti 12: tunapata ampere 1,7 hivi. Lakini waya wa plusi ukigusa shasi bila kupita kwa ampuli, hakuna kitu cha kuuzuia umeme. Tuseme njia nzima iko na ohm 0,1 tu: volti 12 tugawanye kwa 0,1, ni ampere 120! Fizible ya ampere 10 inakatika papo hapo na waya unapona. Karatasi ya sigara iliyokunjwa haikatiki upesi, basi waya ndio unaoungua, chini ya tanki ya esanse. Fizible ikikatika haijafanya pane, imeonyesha pane.

Kosa letu la pili na la tatu

Asubuhi tulifunga nyaya mpya pahali pa zile zilizoungua, tukaweka fizible ya kweli. Ikakatika siku ya pili. Tukasema: «Bateri imezeeka.» Hatukupima chochote. Tukanunua mpya, na hapo balo ikapotea. Fizible ikakatika tena.

Mungejuaje kama bateri ni nzima? Kwanza hesabuni vifuniko vya kujazia maji: kila chumba kinatoa volti 2 hivi, kwa hiyo vifuniko 3 ni bateri ya volti 6, vifuniko 6 ni ya volti 12. Bateri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika, inaonyesha karibu 12,6 kwenye voltmetre. Kiisha washeni motere, muongeze gazi kidogo: volti lazima zipande. Zisipopanda, manyeto haijazi bateri, na bateri mpya nayo itakufa baada ya siku chache. Bateri yetu ya zamani tulikuja kuipima baadaye katika labo ya fizike. Ilikuwa nzima kabisa.

Kosa la tatu ni la rangi. Wawili kati yetu walisaidia fundi mmoja kutengeneza Yamaha wakati wa vakansi, wakajua kwamba waya mweusi ni masi. Pikipiki ya shule ni Honda CG 125. Tukaona waya mweusi unaning'inia, tukaufunga kwenye shasi kwa bulo. Tulipofungua kontakti, cheche! Fizible nyingine imekwenda.

Sikilizeni vizuri, sababu hapa wengi wanaanguka. Kwa Honda, masi ni waya wa kijani, na mweusi unabeba plusi baada ya ufunguo. Kwa Yamaha, masi ni mweusi, na plusi baada ya ufunguo ni waya wa kahawia. Kwa zote mbili, mwekundu unatoka kwa bateri. Kwa Honda tena, klinyota ya kuume ni waya wa buluu wa kupauka, ya kushoto ni wa rangi ya machungwa. Na angalieni: kijani wenye mstari wa manjano si masi, ni wa taa ya freni. Pikipiki nyingi za Kichina zilizofuata mfano wa CG zinatumia rangi za Honda. Lakini pikipiki ya zamani imepita katika mikono mingi, na kila mtu aliweka waya aliokuwa nao. Basi rangi inakuambia fasi ya kuanzia tu. Kabla ya kufunga, pima.

Chombo cha kupimia

Hapana lazima ya kununua chombo cha bei kali. Chukueni ampuli ya klinyota ya volti sawa na bateri yenu. Fungeni waya mmoja kwenye kichwa chake na mwingine kwenye mwili wake wa shaba. Hiyo ndiyo taa ya kupimia. Inajibu maulizo matatu:

1. *Plusi inafika hapa?* Shika waya mmoja kwenye masi safi, gusa na mwingine pahali unapotaka kujua. Ikiwaka, plusi imefika. Anza kwa bateri, endelea kwa fizible, upande huu na upande ule, kwa kontakti, kwa kifungo. Pale taa inapoacha kuwaka, pane iko kati ya fasi hiyo na ile iliyotangulia. Usiruke hata moja.

2. *Masi ni nzuri?* Shika waya mmoja kwenye plusi ya bateri, gusa na mwingine mwili wa klinyota au shasi. Ikiwaka sana, masi ni nzuri. Ikiwaka kwa kusinzia, kuna kutu au rangi inayozuia.

3. *Waya gani unagusa shasi?* Toa fizible, weka taa ya kupimia pahali pake, fungua kontakti, kila kifungo kiwe kimefungwa. Ampuli ya wati 10 haipitishi zaidi ya ampere 0,8 hivi, kwa hiyo hakuna waya utakaoungua na hakuna fizible itakayokufa. Ikiwaka kwa nguvu yake yote, umeme unakimbilia masi. Chomoa viungio kimoja kimoja. Kile ambacho ukikichomoa taa inazimika, njo kile chenye pane.

Hili la tatu tulifundishwa na mwalimu wa fizike, kiisha sisi kuua fizible tano. Tuliweka taa pahali pa fizible: haikuwaka ila kidogo sana, sababu ya ile taa ya kijani. Tukasema pane imekwenda. Mwalimu akasema: «Geuzeni gidoni.» Kuume, hakuna kitu. Kushoto, taa ikawaka pyaa! Tukarudisha katikati, ikapungua. Mnakumbuka ile kona ya usiku ilikuwa ya upande gani.

Tukatoa tanki, tukaiweka mbali. Pale shingoni mwa shasi, nyaya zote zilikuwa zimefungwa kwa waya wa chuma, kwa nguvu. Nani alifunga? Ni sisi wenyewe, mwaka jana, tulipoweka kikapu cha mbele cha kubebea vitabu. Gidoni ikigeuka kushoto, nyaya zilivutika juu ya ncha ya chuma. Polepole ngozi ya waya mweusi ikalika mpaka shaba ikaonekana. Kufunga kulichukua dakika mbili; gharama yake ni balo moja, bateri moja na usiku ule.

Pane nyingine zinazodanganya watu

*Masi mbaya.* Ukiwasha klinyota, taa ya nyuma nayo inapepesa. Ukikanyaga freni, taa ya nyuma inapungua badala ya kuongezeka. Watu wanasema «umeme umechanganyikana». Hapana. Umeme umekosa njia yake ya kurudi, basi unapita katika ampuli ya jirani. Fungua bulo ya masi, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza, kiisha paka vazelini juu ili maji yasiingie. Kwa pikipiki za volti 6 jambo hili ni kali zaidi. Kiungio kibovu kikila volti 1, pikipiki ya volti 12 inapoteza sehemu moja ya kumi na mbili, lakini ile ya volti 6 inapoteza sehemu moja ya sita.

*Motere haishiki na buji haitoi cheche.* Usikimbie kununua buji na bobini. Kwa pikipiki nyingi za manyeto, kile kifungo cha kuzima hakikati umeme. Kinaupeleka kwenye masi. Basi ule waya wake ukikwaruzwa na kugusa shasi, ni sawa vile mtu ameshika kifungo cha kuzima siku zote. Kwa Honda na kwa Yamaha mara nyingi ni mweusi wenye mstari mweupe. Uchomoe kwenye kiungio chake, ujaribu tena cheche. Ikirudi, pane iko kwa waya ule au kwa kifungo chake, ambacho kimejaa matope. Ukijaribu cheche, buji iguse chuma cha motere, uishike kwa pensi yenye mpira mkavu, mbali na tundu la buji na mbali na esanse. Na mujue kwamba waya ule ukiwa umechomolewa, kifungo na ufunguo havitazima motere: fungeni robine ya esanse, ngojeni.

Kutengeneza vizuri

Kwanza toeni waya wa minusi kwenye bateri, na hakuna mtu wa kuleta mshumaa au koroboi karibu. Waya uliokatika musiusokote tu na kuufunga plastiki. Mvua ya kwanza italeta kutu ndani yake. Pitisheni kwanza kipande cha mpira mwembamba juu ya waya, kwaruzeni shaba mpaka ing'ae, sokoteni, muunge kwa risasi, kiisha vuteni ule mpira ufunike. Kama hakuna risasi, tumieni domino yenye skuru, muifunge isiingie maji. Kila waya mpya uwe na unene wa ule wa zamani, hata zaidi, lakini si mwembamba kuupita.

Pale shingoni acheni nyaya ziwe na nafasi. Geuzeni gidoni kuume mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho: hakuna waya unaovutika. Sisi tumezivisha kipande cha mpira wa ndani wa kinga, tukazifunga kwa kamba ya mpira. Ule waya wa chuma tuliutupa.

Kwa kumaliza

Tangu kazi hiyo pikipiki imetoka mara nyingi, mchana na usiku, na fizible haijakatika. Chini ya kiti tumeweka kopo dogo: fizible mbili za ampere zilezile, taa ya kupimia na turnevisi. Asiyetoka katika komite asiliguse, na anayetumia fizible moja aandike katika daftari ya surveya ili tununue nyingine. Ukikuta fizible imekatika usiku na mgonjwa anangoja, iache, ikiwa motere na fare ni nzima, endesha polepole. Pane tutaitafuta asubuhi.

Bateri ya zamani Bwana Prefe ameruhusu tuiuze, kwa kuwa ni nzima. Franga zake zitarudi kwa balo. Hazitatosha zote. Zinazobaki, sisi wana komite tumekubali kuzitafuta kwa kazi ya mikono ya Siku ya Posho, kwa kukata majani ya nyumba za walimu. Hatuombi mtu mwingine atoe tena, sababu kosa lilikuwa letu.

 

Kwa jina la komite,
Doyen wa wanafunzi, mwaka wa nne wa humanite